Mlio wa gari wakati wa kuongeza mwendo

Mlio wa gari wakati wa kuongeza mwendo ni sauti nyembamba ya mfululizo, mfano wa kilio au mluzi, inayosikika dereva anapokanyaga mafuta na ambayo kwa kawaida hupanda kadiri mwendo unavyoongezeka. Mlio huo si hitilafu yenyewe bali ni dalili ya hitilafu. Unaweza kutoka kwenye mkanda wa injini uliochakaa, pampu ya usukani iliyopungukiwa oili, alternata, tabo, giaboksi, difu, beringi ya gurudumu, na hata kwenye spika za redio.

Kwa kuwa vyanzo ni vingi na sauti zake hufanana, sikio peke yake halitoshi kutaja kifaa kilichoharibika. Utambuzi huanza kwa swali moja: je, mlio unafuata mzunguko wa injini au unafuata mwendo wa magurudumu? Jibu lake hugawa vyanzo vyote katika makundi mawili, na linaweza kupatikana bila kufungua nati hata moja.

Nchini Tanzania jambo hili ni la kawaida kwa sababu magari mengi ya watu binafsi na ya biashara huagizwa kutoka Japani yakiwa yameshatumika kwa miaka kadhaa. Katika mikoa ya Dodoma na Singida, iliyo kwenye uwanda wa kati wa nchi, vumbi la kiangazi, makorongo ya masika na safari ndefu zenye mizigo huharakisha uchakavu wa sehemu zinazotoa mlio.

## Istilahi

Katika lugha ya gereji, sehemu inayotoa mlio husemwa kuwa "inalia": difu inalia, giaboksi inalia, beringi inalia. Sauti hutofautishwa kwa namna zifuatazo:

* Kulia ni sauti nyembamba ya mfululizo inayopanda na kushuka pamoja na mwendo. Hutokana mara nyingi na meno ya gia, pampu au alternata.
* Kupiga mluzi ni sauti nyembamba zaidi, kama hewa inayopita kwenye tundu dogo. Hutokana na tabo au na uvujaji wa hewa.
* Kupiga kelele kali ya ghafla mara injini inapowashwa au inapokanyagwa ni tabia ya mkanda unaoteleza.
* Kuvuma au kunguruma ni sauti nzito, ya chini. Hutokana na beringi za magurudumu au matairi.
* Kugonga si mlio. Huashiria ulegevu wa vyuma, kama vile maungio ya propela, na hushughulikiwa kwa namna nyingine.

## Jinsi mlio unavyotokea

Kitu chochote kinachozunguka na kugusana na kingine mara kwa mara hutoa mitetemo. Mitetemo ikiwa mingi ya kutosha katika sekunde moja, sikio huisikia kama sauti moja. Idadi hiyo ya mitetemo kwa sekunde huitwa marudio, nayo hupimwa kwa hezi (Hz).

Mfano mzuri ni difu. Tuseme gia kubwa ya difu ina meno 41 na mzingo wa tairi ni mita 2. Gari likienda kilomita 72 kwa saa, husafiri mita 20 kwa sekunde, kwa hiyo gurudumu huzunguka mara 10 kwa sekunde. Meno 41 yakigusana na gia ndogo mara 10 kwa sekunde, mitetemo ni 410 kwa sekunde, yaani Hz 410. Mwendo ukipungua hadi kilomita 36 kwa saa, marudio hushuka hadi Hz 205 na sauti huwa nzito zaidi. Hapa mzunguko wa injini hauhusiki: gari liwe kwenye gia ya tatu au ya nne, sauti ya difu kwa kilomita 72 kwa saa ni ileile.

Alternata ni kinyume chake. Huzungushwa na injini kwa mkanda, na puli yake ni ndogo kuliko ya injini. Ikiwa uwiano wa puli hizo ni 2.5, injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, alternata huzunguka mara 7,500. Sauti yake hupanda injini inapopigwa resi hata kama gari limesimama.

Kukanyaga mafuta hubadili pia mzigo. Meno ya gia hukandamizwa upande mmoja, mkanda huvutwa kwa nguvu na tabo husukuma hewa nyingi zaidi. Ndiyo maana kasoro ndogo inaweza kunyamaza gari linapoteremka na kulia linapopanda mlima.

## Utambuzi

### Kabla ya kuanza

Dereva huandika au hukumbuka mambo manne: mlio ulianza lini, husikika kwa mwendo gani, injini ikiwa ya baridi au ya moto, na ni kazi gani ilifanyika kwenye gari muda mfupi kabla. Mlio ulioanza siku moja baada ya kubadilisha oili, matairi au redio mara nyingi una uhusiano na kazi hiyo.

### Gari likiwa limesimama

Gari huegeshwa mahali tambarare na penye hewa, breki ya mkono ikiwa imevutwa na gia ikiwa nyutro, au P kwa gari la otomatiki. Injini hupigwa resi polepole hadi kufikia mizunguko 2,500 hivi kwa dakika.

* Mlio ukisikika na kupanda pamoja na injini, chanzo kiko kwenye vitu vinavyozungushwa na injini.
* Mlio ukitokea tu usukani unapozungushwa, pampu ya usukani au mkanda wake hushukiwa.
* Mlio ukiongezeka taa kubwa na feni ya ndani zinapowashwa, alternata au mkanda wake hushukiwa.
* Mlio ukiongezeka kiyoyozi kinapowashwa, kompresa yake au mkanda hushukiwa.
* Mlio ukitoweka redio inapozimwa, tatizo ni la umeme na halihusu gia wala beringi.
* Kwa gari la gia za mkono, mlio unaotokea pedali ya klachi inapokanyagwa huelekeza kwenye beringi ya klachi. Ule unaosikika pedali ikiachwa na kutoweka inapokanyagwa huelekeza kwenye beringi ya mbele ya giaboksi.

Mlio usiposikika kabisa gari likiwa limesimama, ama unatoka upande wa magurudumu ama unahitaji mzigo ili utokee. Jaribio la barabarani hufuata.

### Barabarani

Jaribio hufanyika kwenye barabara iliyonyooka, tambarare na yenye magari machache, vioo vikifunguliwa kidogo na redio ikizimwa. Ni bora watu wawe wawili, mmoja aendeshe na mwingine asikilize.

1. Gia mbili, mwendo mmoja. Gari huendeshwa kwa kilomita 50 kwa saa kwenye gia ya tatu, kisha kwa mwendo uleule kwenye gia ya nne. Sauti ikibadilika, inafuata injini. Ikibaki vilevile, inafuata magurudumu. Kwenye gari la otomatiki, kitufe cha kuzuia gia ya juu (O/D) hutumika kwa kazi hiyohiyo.
2. Kukanyaga na kuachia. Mlio unaotokea wakati wa kukanyaga tu na kunyamaza mafuta yanapoachiwa ni tabia ya meno ya difu au ya giaboksi, kwa kuwa mzigo huhama kutoka upande mmoja wa jino kwenda mwingine. Mlio usiojali mzigo huelekeza kwenye beringi au matairi.
3. Kuyumba kidogo. Gari huyumbishwa taratibu kulia na kushoto. Likikata kulia, uzito hulalia magurudumu ya kushoto. Ngurumo ikiongezeka wakati huo, beringi ya kushoto hushukiwa, na kinyume chake.
4. Kubadilisha sakafu ya barabara. Sauti inayobadilika sana gari linapotoka kwenye lami laini na kuingia kwenye lami yenye kokoto au changarawe mara nyingi ni ya matairi.

Injini haizimwi gari likiwa kwenye mwendo, kwa kuwa msaada wa breki na usukani hupotea na usukani unaweza kujifunga. Wala majaribio hayafanyiki kwenye miteremko mikali kama ya mlima Sekenke, upande wa magharibi wa mkoa wa Singida.

### Kusikiliza kwa bisibisi

Fundi huweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye mwili wa kifaa kisichozunguka, kwa mfano kasha la alternata, na kulaza mpini kwenye mfupa ulio karibu na sikio. Chuma husafirisha mtetemo vizuri, na beringi mbovu husikika kama mchanga unaosagwa. Mikono mipana ya nguo, mitandio, tai na nywele ndefu ni lazima vifungwe mbali na mikanda na feni. Feni ya umeme inaweza kuanza kuzunguka yenyewe wakati wowote.

## Vyanzo vinavyofuata injini

Mkanda, rola na kikazio. Mkanda uliolegea, uliopasuka au uliodondokewa na oili huteleza na kupiga kelele. Matone machache ya maji yakinyunyizwa upande wenye mifereji, sauti ikitoweka kwa muda, mkanda umechakaa au haujanyooka na puli. Sauti ikizidi, mkanda unateleza kwa kukosa mkazo. Kama sauti haibadiliki, rola hushukiwa. Injini ikiwa imezimwa, mkanda hutolewa na kila puli huzungushwa kwa mkono. Inayokwaruza au kuyumba hubadilishwa. Injini inaweza kuwashwa kwa sekunde chache bila mkanda wa nje ili kuthibitisha, lakini si zaidi, kwa kuwa mkanda huo mara nyingi huzungusha pampu ya maji. Mkanda wa taimingi hautolewi kamwe kwa jaribio hili.

Pampu ya usukani. Oili ikipungua, pampu huvuta hewa na kulia, hasa usukani unapokatwa hadi mwisho. Oili yenye povu kwenye kopo lake ni dalili ya hewa. Kabla ya kubadilisha pampu, huangaliwa mahali oili inapovujia na bomba la kuvutia oili. Magari madogo yenye usukani wa umeme, kama Toyota IST, hayana pampu hiyo.

Alternata. Mlio wake unaweza kutokana na beringi au na diodi iliyoungua. Volti za betri hupimwa injini ikiwa inaunguruma. Kwa gari la volti 12, kiasi cha kawaida ni kati ya volti 13.8 na 14.5. Kiasi cha chini zaidi pamoja na mlio huthibitisha hitilafu ya kuchaji.

Redio. Masafa ya FM nchini Japani huanza MHz 76, wakati Tanzania hutumia MHz 87.5 hadi 108. Kwa sababu hiyo wenye magari wengi hubadilisha redio iliyokuja na gari au huongeza kifaa cha kuhamisha masafa. Waya wa ardhi ukiunganishwa vibaya, mitetemo ya umeme wa alternata huingia kwenye spika na kusikika kama mlio unaopanda na injini. Tiba yake ni kuunganisha waya wa ardhi mahali safi kwenye bodi, na kutenganisha nyaya za spika na za umeme mkubwa.

Tabo na njia ya hewa. Injini nyingi za dizeli zina tabo, ambayo hupiga mluzi hafifu kwa kawaida. Mluzi unaoongezeka ghafla, ukiambatana na moshi mweusi na kukosa nguvu, huashiria bomba lililopasuka au klipu iliyolegea. Moshi wa bluu na oili kupungua huashiria tabo iliyochakaa. Kabla ya kuibadilisha, huangaliwa pia bomba linaloipelekea oili, kwa kuwa tabo mpya hufa mapema bomba hilo likiwa limeziba.

Ekzosi. Gasketi iliyoungua kwenye manifoldi hupiga mluzi au kutoa mlio wa "ti-ti-ti" wakati wa kukanyaga, na hutulia kidogo chuma kinapopata moto na kutanuka. Masizi meusi kwenye maungio huonyesha mahali inapovujia.

Giaboksi. Katika magari mengi yanayovutwa na magurudumu ya nyuma, gia ya nne hupitisha nguvu moja kwa moja bila kupitia mhimili wa pembeni wa giaboksi. Mlio unaosikika kwenye gia nyingine zote na kupungua kwenye ya nne huelekeza kwenye beringi za mhimili huo. Mlio wa gia moja tu huelekeza kwenye meno ya gia hiyo. Gia ya nyuma hulia kwa kawaida kwa sababu meno yake yamenyooka, hivyo si dalili ya ubovu.

Giaboksi za CVT. Magari mengi madogo ya Japani ya miaka ya 2000 na kuendelea hutumia giaboksi isiyo na hatua, ambayo ndani yake kuna mkanda wa chuma na puli mbili. Mlio hafifu na injini kushikilia mzunguko mmoja huku gari likiongeza mwendo ni tabia yake ya asili. Mlio mkubwa mpya, hasa baada ya kubadilisha oili, ni onyo. Giaboksi hii hutumia oili yake maalumu, na ikiwekewa oili ya otomatiki ya kawaida, mkanda huweza kuteleza na kuharibika.

## Vyanzo vinavyofuata magurudumu

Difu. Ni chanzo cha kawaida katika magari yanayovutwa nyuma, kama Toyota Hiace, malori madogo, na Suzuki Carry inayojulikana mitaani kama kirikuu. Mlio wa wakati wa kukanyaga tu mara nyingi ni wa meno yaliyolika au oili iliyopungua. Mlio wa muda wote ni wa beringi. Mlio unaosikika zaidi mafuta yanapoachiwa huashiria pinioni iliyolegea.

Propela. Maungio yaliyokauka grisi hutoa mlio mkavu wa kujirudia mwendo ukiwa mdogo, na mtetemo mwendo ukiongezeka. Magari marefu huwa pia na beringi ya kati inayoshikilia propela, ambayo huvuma ikichakaa.

Beringi za magurudumu. Gari likiinuliwa kwa jeki na kuwekwa kwenye stendi imara, gurudumu huzungushwa kwa mkono mmoja huku mwingine ukishika springi. Beringi mbovu husikika na kuhisiwa mkononi. Gurudumu likishikwa juu na chini na kutikiswa, halipaswi kucheza.

Matairi. Tairi lililolika kwa mawimbi au lenye vipanga vikubwa vya tope huvuma na kudanganya sikio lidhani ni difu au beringi. Kuhamisha matairi ya mbele kwenda nyuma hutoa jibu bila gharama: sauti ikihama, ni matairi.

## Hali ya Dodoma na uwanda wa kati

Jiji la Dodoma liko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko pwani, hivyo injini isiyo na tabo hupata nguvu pungufu na dereva hulazimika kukanyaga zaidi akiwa na mzigo uleule.

Mvua hunyesha katika msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na miezi iliyobaki ni mikavu. Wakati wa kiangazi, vumbi laini la barabara za vijijini za Chemba, Bahi, Chamwino, Mpwapwa au Kongwa huingia kwenye mikanda, rola na kichujio cha hewa. Kichujio kikichanika, au bomba lililo nyuma yake likipasuka, vumbi husaga mapanga ya tabo na kuta za silinda.

Wakati wa masika hatari huhamia kwenye makorongo. Difu iliyotembea masafa marefu huwa ya moto, na hewa iliyo ndani yake imetanuka. Ikizama ghafla kwenye maji ya korongo, hewa hiyo hupoa na kusinyaa, ikivuta kutoka nje. Difu ina tundu dogo la kupumulia juu ya ekseli kwa ajili hiyo. Tundu likizibwa na tope, maji huvutwa kupitia sili badala yake. Oili huchanganyika na maji na kuwa na rangi ya maziwa, hupoteza uwezo wa kulainisha, na mlio huanza wiki kadhaa baadaye, wakati dereva amekwisha kusahau korongo.

Barabara kuu za lami zinaiunganisha Dodoma na Morogoro, Singida, Iringa kupitia Mtera, na Babati kupitia Kondoa. Zimepunguza mitikisiko, lakini zimeongeza mwendo na muda wa injini kufanya kazi mfululizo. Kutoka bonde la Bahi kwenda Manyoni barabara hupanda ukingo wa Bonde la Ufa, na kati ya Mtera na Iringa kuna mlima Nyang'oro. Kwenye milima kama hiyo ndiko madereva wengi husikia mlio kwa mara ya kwanza, kwa kuwa difu na giaboksi huwa chini ya mzigo mkubwa. Vituo vya matengenezo kati ya miji ni vichache, na gari linaloharibika usiku huweza kubaki barabarani hadi asubuhi.

## Matengenezo

Kanuni ya msingi ni kuanza na kilicho rahisi na kisicho na gharama: kuangalia, kujaza, kukaza, kusafisha, kisha ndipo kubadilisha.

Kwa difu na giaboksi ya mkono, kazi ya kwanza ni kukagua oili. Gari likiwa limelala sawa, kizibo cha kujazia hufunguliwa kabla ya kile cha kumwagia. Anayeanza na cha chini na kisha kushindwa kufungua cha juu hubaki na gari lisilo na oili. Kiasi sahihi kwa difu nyingi ni oili kufika kwenye ukingo wa chini wa tundu la kujazia. Sumaku ya kizibo huchunguzwa: uji mwembamba wa kijivu ni uchakavu wa kawaida, lakini vipande vinavyoshikika kwa vidole ni meno au beringi inayovunjika.

Difu nyingi za nyuma huhitaji oili ya daraja GL-5, mara nyingi ya unene wa 80W-90 au 85W-90. Giaboksi nyingi za mkono huhitaji GL-4, kwa kuwa viungo vya baadhi ya oili za GL-5 hushambulia pete za shaba nyeupe na njano zinazosaidia gia kuingia. Kitabu cha gari ndicho kinachoamua.

Difu ikihitaji kufunguliwa, gia kubwa na pinioni hubadilishwa kwa jozi, si moja moja, kwa kuwa hutengenezwa zikiwa zimepatanishwa. Nafasi kati ya meno yake kwa magari madogo huwa karibu milimita 0.1 hadi 0.2, na hupimwa kwa kipimo cha saa. Difu iliyofungwa kwa kukisia italia hata kama vyuma vyote ni vipya.

Wengi hununua difu au giaboksi nzima iliyotumika. Hapo uwiano wa gia ni lazima ulingane. Kibao cha utambulisho cha magari mengi ya Kijapani, kilicho chini ya boneti au kwenye fremu ya mlango, huonyesha namba za giaboksi na ekseli. Kwenye gari linalovutwa na magurudumu yote manne, difu ya nyuma yenye uwiano tofauti na wa mbele huvunja mfumo wa kugawanya nguvu.

## Makosa ya kawaida

* Kununua kifaa kabla ya kupima. Giaboksi hubadilishwa, kisha mlio hubaki kwa sababu ulikuwa wa beringi ya gurudumu. Kwa mwenye gari la biashara, hasara ni ya aina mbili: fedha ya kifaa na siku ambazo gari halikufanya kazi.
* Kuongeza oili nzito, grisi au unga wa mbao kwenye difu ili kunyamazisha mlio. Sauti hupungua kwa muda, lakini beringi hukosa ulainisho. Mbinu hii hutumiwa pia kuficha ubovu wakati wa kuuza gari.
* Kupaka sabuni, mafuta au oili kwenye mkanda. Mkanda hunyamaza, kisha huteleza zaidi na kuharibika.
* Kutosema historia. Fundi asiyeelezwa kwamba gari lilivuka maji au lilibadilishwa oili huanza kutafuta mbali.

Anayenunua gari lililotumika hushauriwa kuliendesha mwenyewe kwa mwendo wa barabara kuu, redio ikiwa imezimwa, kukanyaga na kuachia mafuta mara kadhaa, na kuomba kuona oili ya difu.

## Usalama

Si kila mlio unahitaji gari lisimame mara moja. Mlio hafifu wa difu yenye oili safi huweza kudumu muda mrefu bila kubadilika. Gari husimamishwa mahali salama na haliendelei na safari iwapo:

* taa ya betri au ya joto imewaka pamoja na mlio, kwa kuwa mkanda unaweza kuwa umekatika na pampu ya maji imesimama;
* usukani umekuwa mzito ghafla;
* ngurumo ya gurudumu imeambatana na kucheza kwa usukani, harufu ya kuungua au gurudumu kuwa la moto kuliko mengine, kwa kuwa beringi ikikwama gurudumu huweza kufunga au kutoka;
* mlio wa difu umegeuka kuwa mgongo au msago, kwa kuwa difu ikikwama kwenye mwendo, magurudumu ya nyuma hufunga;
* moshi wa ekzosi unaingia ndani. Una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua abiria waliolala.

Kazi yoyote chini ya gari hufanywa likiwa juu ya stendi imara na magurudumu yakiwa yamezuiwa. Jeki peke yake haitoshi.

## Kinga

* Kichujio cha hewa hukaguliwa mara nyingi zaidi wakati wa kiangazi kuliko kitabu kinavyoelekeza kwa barabara za lami, na gari haliendeshwi bila kichujio.
* Mkanda na rola hukaguliwa kila oili ya injini inapobadilishwa.
* Tundu la kupumulia la difu husafishwa kabla ya mvua za Desemba. Baada ya kuvuka maji yaliyofika kwenye ekseli, oili ya difu hukaguliwa ndani ya siku chache.
* Kabla ya kuingia kwenye maji, gari lililotoka safari ndefu huachwa lipoe kwanza, ikiwezekana.
* Oili hununuliwa ikiwa kwenye kopo lililofungwa lenye daraja lililoandikwa.
* Mzigo hauzidi uwezo wa gari ulioandikwa kwenye kadi ya usajili.

## Tazama pia

* Beringi
* Difu
* Giaboksi
* Injini ya dizeli
* Mkoa wa Dodoma
* Sauti